Ratiba Inayojua Kushuka: Kwa Vijana wa Tanga Wanaokwenda Kupanda Miamba Kenya

Maneno haya yalisemwa Tanga mjini mbele ya vijana wapanda miamba na wazazi wao. Yameandikwa karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti wa kikundi, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, wanangu wapanda miamba: asalaam aleikum, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa niseme juu ya usalama wa safari yenu ya Kenya. Wengi humu mnanijua kwa kazi ya bandarini, kwenye matishari na winchi. Kupanda miamba nilijifunza ukubwani, nikiwa tayari na mvi, na kilichonivuta ni kamba. Kwa hiyo msinitegemee kwa maneno ya kishujaa. Nitasema kama mtu wa kamba.

Katibu alinipa ratiba yenu niisome. Imeandikwa vizuri. Siku ya kuondoka ipo, basi lipo, pa kulala papo, njia mtakazopanda zimetajwa moja moja, hata mpiga picha ameteuliwa. Nimetafuta mstari mmoja nisiuone: mmoja wenu akivunjika mguu juu ya mwamba, anashukaje? Nani anambeba, anapelekwa hospitali gani, kwa gari la nani na pesa ya nani? Ratiba yote inapanda tu. Naomba tuigeuze. Tupange kushuka kwanza, halafu tupande kiasi kile tunachoweza kushuka nacho mtu akiwa ameumia.

Mzee wa pwani husema aliye juu mngoje chini. Basi nawaambia habari ya mtu aliyengojwa chini zaidi ya wiki. Septemba 1970, madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika kilele cha Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199. Walikuwa wamekwisha kumaliza kazi, wanarudi. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Mwenzake akamfunga salama mwambani, akateremka peke yake kutafuta watu. Wapanda milima wa Kenya wakapanda na dawa na chakula. Waokoaji wengine wakaja kwa ndege kutoka Austria kwenyewe. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafa. Judmaier aliteremshwa akiwa hai, lakini hesabuni mlolongo ule: mguu mmoja uliovunjika, watu makumi, nchi mbili, maisha ya mtu aliyekuja kusaidia tu. Na majeruhi mwenyewe alikuwa daktari, aliyefuatana na daktari.

Mtasema hayo ya zamani, leo simu zipo. Simu zipo, ndiyo. Ila hewa ya mita 5,000 ni nyembamba vilevile, na mawingu ya mchana hufunika kilele vilevile, na rubani hawezi kutua pasipotulika. Ukiumia karibu na kilele, watakaokufikia kwanza ni wanadamu wanaopanda kwa mikono kama ulivyopanda wewe.

Ndiyo maana mwaka huu mimi sipendekezi Batian, na nayasema haya nikimtazama aliyeiandika kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu. Kwanza tutenganishe mambo. Kilimanjaro ni mlima mkubwa, lakini kwa njia za kawaida unatembea kwa miguu mpaka Uhuru. Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, nayo ni ya kutembea. Batian na jirani yake Nelion, mita 5,188, ni za kamba: mwamba mrefu, baridi, kutwa nzima ya kupanda, na mara nyingi usiku unawakuta juu. Batian ilipandwa mara ya kwanza 1899, na Nelion ikakaa miaka 30 ndipo ikafikiwa, 1929. Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati alichokijenga Ian Howell mwaka 1970. Alivipandisha vipande vyake mwenyewe, safari baada ya safari, akiwa peke yake. Watu wengine wameumbwa kwa chuma. Sisi tujihesabu kuwa wa nyama.

Jambo la pili juu ya mlima ule ni sisi wenyewe. Mtu wa Tanga anaamka kila siku usawa wa bahari. Mji wetu unajisifu kwa ule msemo wa waja leo waondoka leo. Mlimani msemo huo utawapeleka kaburini. Madaktari wa milimani wanashauri hivi: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne pumzika siku nzima. Sasa angalieni njia ya Sirimon, mojawapo ya njia za kupanda Mlima Kenya. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, kambi ya Shipton mita 4,200. Wengi huziunganisha kwa siku moja, mita 900, kwa sababu kampuni inauza siku chache na mteja anataka bei ndogo. Wenye busara hulala Old Moses usiku wa pili, mchana wakapanda kidogo na kurudi kulala chini. Siku moja ya ziada ina gharama, najua. Iandikeni kwenye bajeti kama mnavyoandika nauli.

Kichwa kuuma na chakula kutopita ni dalili ya kwanza: simama hapo ulipo, usipande. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akishindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, akichanganya maneno, au akihema naye amekaa kitako na kukohoa povu, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Mnateremka naye usiku huohuo. Hakuna aibu wala uanaume katika hilo. Nasema uanaume kwa sababu mara nyingi wasichana huwa wa kwanza kusema wanaumwa, na wavulana wa kwanza kuficha.

Basi tuje Hell's Gate, mahali pengine palipo kwenye ratiba yenu, ambako nakubaliana nanyi kabisa. Ni mbuga karibu na Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, miamba yake ya volkano, njia fupi na ndefu, na gari linafika karibu na mwamba. Mtu akiumia, machela inafika barabarani. Hicho ndicho kipimo changu. Na pana mnara wa mwamba unaosimama peke yake, kama mita 25, unaitwa mnara wa Fischer. Gustav Fischer alikuwa Mjerumani aliyefika kule 1883, na msafara wake ulitokea hapa kwetu, Pangani. Alivuka Umasai na wapagazi wa pwani. Majina ya wapagazi hayakuandikwa kwenye mwamba wowote. Mkifika, wakumbukeni.

Hell's Gate ina hatari mbili ambazo mpanda miamba husahau kwa sababu macho yake yako juu. Ya kwanza ni korongo la Ol Njorowa. Septemba 2019 maji ya ghafla yalipita mle na kuua watu saba. Maji ya korongo hayangoji mvua inyeshe kichwani kwako. Inanyesha vilimani, wewe uko chini kwenye jua, unasikia mngurumo, na kuta zimesimama pande zote. Kwa hiyo mkitaka kulitembelea korongo siku ya mapumziko, waulizeni walinzi wa mbuga asubuhi ileile, na mkiona wingu zito juu ya vilima, kaeni nje. Masika na vuli zao ni zetu: Machi hadi Mei, Oktoba hadi Desemba. Julai mliyochagua ni mwezi mzuri.

Ya pili ni nyuki. Miamba ya Afrika Mashariki ina nyuki kwenye nyufa, na nyuki wetu hawana mzaha. Mtu aliyening'inia kwenye kamba hawezi kukimbia. Kabla ya kupanda, simameni chini mkimya kwa dakika chache, tazameni na sikilizeni. Mkiona wanaingia na kutoka kwenye ufa, njia hiyo leo si yenu. Udi, mafuta ya asumini na manukato yote yabaki Tanga, nanyi dada zangu mnisamehe. Na anayejijua kuvimba mwili akiumwa na nyuki aseme sasa, tumpeleke kwa daktari aandikiwe dawa ya kubeba, na wenzake wawili wafundishwe kuitumia.

Sasa kamba. Hapa mtanivumilia.

Tanga imejengwa na katani. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf 1893, na babu zetu wakaumenya, wakausuka, wakaupakia melini. Zamani wapanda milima wa Ulaya nao walitumia kamba za nyuzi za mimea, ndugu wa katani yetu, na sheria yao kubwa ilikuwa moja: anayetangulia asianguke. Walijua kamba ile haivutiki. Ukianguka inakukata kiuno au inakatika yenyewe. Kamba ya kupandia ya leo ni ya nailoni na imetengenezwa ivutike. Inapimwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 80, na kipigo kinachofika kwa aliyefungwa hakitakiwi kuzidi kilonewtoni 12; kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100. Kwa hiyo kamba nene ya meli, hata ikiwa mpya na ngumu kuliko zote, si kamba ya kuangukia. Nasisitiza kwa sababu najua watoto wa bandari mna wajomba wenye kamba stoo.

Jambo jingine watu wa bandari tunalikosea tukihamia mwambani. Sisi tumezoea chuma kilichopigwa muhuri wa tani moja. Muhuri ule ni uzito wa kufanyia kazi. Chenyewe hukatika kwenye mara nne, tano, hata sita ya hapo. Kuna akiba. Karabina ya kupandia, ile pete ya chuma yenye mlango, imeandikwa kilonewtoni 20, yaani kama tani mbili, na ile namba ndiyo ya kukatika. Hakuna akiba iliyofichwa. Isitoshe, hiyo 20 ni ikiwa imevutwa kwa urefu na mlango umefungwa. Mlango ukiwa wazi inashuka mpaka kama 7. Ikilala upande nayo ni 7. Ndiyo maana mnaniona nakagua mlango wa karabina kila mara kama mtu mwenye wasiwasi. Nina wasiwasi.

Kwa bei ya vifaa najua mtajaribiwa na mitumba. Viatu vya mtumba sawa, mfuko wa chaki sawa, hata koti. Kamba, mkanda wa kiunoni na tepe zake, hapana. Nailoni haionyeshi ugonjwa wake. Jua huila, na maji ya betri huila bila kuacha alama ya kuonekana kwa macho. Watengenezaji wengi husema kitu cha nailoni kisizidi miaka 10 hata kama kimekaa kabatini, na kinachotumika mara kwa mara kiondolewe mapema zaidi. Mtumba haukwambii umezaliwa lini. Na mkiwa safarini, kamba isiingie buti la basi. Huko chini kuna betri, madumu ya petroli na mizigo ambayo hata kondakta haijui. Ikae mapajani kama mtoto.

Bandarini nilikuwa na msimamizi ambaye teo, kamba ya kunyanyulia mizigo, ikishakataliwa aliikata vipande kwa panga mbele yetu sote, huku watu wakilalamika kwamba ingefaa kufungia mbuzi. Alijua kitu kibovu kikibaki kizima, siku moja kitarudi kazini. Nanyi mfanye hivyo. Kamba ikikataliwa ikatwe siku ileile, hata kama inauma.

Sasa ajali yenyewe. Watu hudhani mpanda miamba huumia kwa kuteleza. Hutokea. Lakini ajali nyingi za kusikitisha hutokea wakati wa kuteremka, kila mtu amefurahi, kazi imekwisha. Ya kwanza ni kamba fupi: njia ina mita 35, kamba ina mita 60, anapanda vizuri, anapoteremshwa ncha ya kamba inapita kwenye mikono ya mshika kamba aliye chini, na mwenzake anaanguka zile mita zilizobaki. Dawa yake haina gharama. Funga fundo kwenye ncha ya chini kabla mtu hajaondoka ardhini. Njia yoyote, hata fupi, hata mliyoipanda jana. Kamba iwe angalau mara mbili ya urefu wa njia, na msiamini urefu alioutaja mtu mliyekutana naye njiani.

Ya pili ni maneno. Anayepanda amefika juu, amejifunga kwenye nanga, yaani vyuma vya mwambani vya kujishikiza, anapiga kelele jambo. Upepo unaibeba. Aliye chini anasikia kwamba mwenzake hamhitaji tena, anaachia kamba, kumbe yule alikuwa anaomba ateremshwe, anajilaza nyuma, hakuna aliyemshika. Wote wawili walikuwa na ujuzi, ila hawakuagana. Kwa hiyo agano lifanyike chini, macho kwa macho, kabla ya kupanda: ukifika juu, nitakuteremsha mimi, au utashuka mwenyewe kwa kamba? Jibu likishatolewa halibadilishwi juu. Na maneno yawe machache. Nimependekeza haya: kaza, legeza, nimejifunga, niteremshe. Kila neno litanguliwe na jina, kwa sababu Hell's Gate wikiendi huwa na vikundi vingine, na neno la mtu mwingine lisije likakuachisha kamba. Jiwe likianguka kila mtu apige kelele ya jiwe, bila adabu wala samahani, na helmeti iwe kichwani hata kwa aliyekaa chini anakula andazi.

Kabla ya kila kupanda mnakaguana. Mshika kamba anagusa fundo la mwenzake, lile lenye umbo la nane, anagusa bizimu la mkanda. Anayepanda anagusa kifaa cha mshika kamba na mlango wa karabina yake. Kugusa kwa mkono, si kutazama. Mwenye uzoefu mkubwa ndiye akaguliwe kwa ukali zaidi, maana hakuna mtu anayethubutu kumkagua. Hata mimi.

Njia zina madaraja ya ugumu, na kila nchi ina yake. Afrika Kusini wanatumia namba tupu, mfumo alioubuni John Ewbank wa Australia. Wafaransa wana namba na herufi, Wamarekani wana ile inayoanza na tano na nukta. 18 ya Afrika Kusini ni karibu na 6a ya Ufaransa na 5.10a ya Marekani. Karibu tu. Ugumu wa kwenye karatasi hausemi kama bolti, vyuma vilivyofungwa mwambani vya kupitishia kamba, ziko karibu karibu au utabeba vifaa vyako mwenyewe vya kuchomeka kwenye nyufa. Lukenya, ile miamba ya njia ya Mombasa kabla hujaingia Nairobi, ina njia nyingi za kubeba vifaa vyako. Siku ya kwanza ugenini pandeni njia mbili chini ya uwezo wenu, muisome tabia ya mwamba.

Nikitaja bolti, kuna binti hapa ameniambia ndoto yake ni Thailand, Railay, miamba ya chokaa inayochomoza kutoka baharini. Ndoto njema, na mwamba wenyewe ni ndugu wa chokaa ya mapango yetu ya Amboni. Lakini mtu wa Tanga anajua chumvi inavyofanya chuma. Kule walifunga bolti za chuma kisichoshika kutu, na baada ya miaka kadhaa zikaanza kukatika kwa mkono, huku kwa nje zinang'aa. Chumvi, joto na madini ya mwamba huzipasua kwa ndani. Ndipo wakaanza kuzibadilisha kwa bolti za madini ya titani. Mwanangu, siku ukienda, uliza njia ipi ina titani na ipi bado, na usipande bolti kwa sababu inang'aa.

Haya, njia ya kwenda. Kwa mawazo yangu barabara ni hatari kuliko mwamba, na ratiba yenu ina basi la usiku. Libadilisheni. Kutoka hapa hadi Horohoro ni karibu, mnavuka Lunga Lunga, mnashuka Likoni, mnalala Mombasa, asubuhi mnachukua treni ya Nairobi. Mtafika mmelala vizuri, na mshika kamba aliyelala vizuri ni kifaa cha usalama. Pasipoti kila mtu awe nayo mkononi. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano nayo ichukuliwe sasa, kwa sababu chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10. Tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo ukiichoma mara moja umemaliza. Viingilio vya mbuga hulipwa kwa mtandao, na raia wa Afrika Mashariki hana bei ya mgeni wa mbali. Mtu mmoja ajaribu malipo hayo akiwa bado Tanga, tusije tukakwama getini na noti mfukoni.

Bima. Wazazi, hapa sikilizeni. Bima nyingi za safari husema zinalipa ajali, halafu ndani, kwa herufi ndogo, wanaondoa kupanda kwa kamba, au kupita urefu fulani wa mlima. Ulizeni kwa maandishi, mkitaja maneno haya: kupanda miamba kwa kamba, nchini Kenya. Majibu ya simu hayahesabiki siku ya ajali. AMREF Flying Doctors, walioanza 1957, huuza uanachama wa kubebwa kwa ndege, na kwa kikundi kama chenu nauona una maana. Lakini ndege huchukua mgonjwa uwanjani. Kutoka mwambani hadi uwanjani ni kazi yenu. Kwa hiyo naomba watu wasiopungua watatu wapate mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya safari: kuzuia damu, kufunga banzi, kumgeuza mtu aliyeumia mgongo bila kumuumiza zaidi. Na siku moja kabla ya kuondoka mfanye zoezi zima la kumteremsha mtu aliyezimia akiwa kwenye kamba. Likishindikana hapa kwenye mti wa mwembe, halitawezekana kule.

Kiongozi wa kukodi mkimchukua, muulizeni amewahi kuokoa nini, si amepanda nini. Aonyeshe vifaa vyake. Akikasirika kwa kuulizwa, mshukuruni na mtafute mwingine. Na kila mmoja wenu, hata mdogo kuliko wote, ana haki ya kusema leo sipandi, bila kutoa sababu, bila kuchekwa jioni. Hilo liingie kwenye katiba ya kikundi kama mnayo.

Mwisho ni karatasi. Moja inabaki Tanga kwa mzazi mmoja atakayechaguliwa, nakala yake inakaa mfuko wa huduma ya kwanza. Ndani yake: majina kamili, aina ya damu, maradhi na dawa, namba za pasipoti na za bima, njia mtakazopanda kila siku, hospitali iliyo karibu mliyokwisha kuipigia simu, na namba za dharura za Kenya, 999 na 112, pamoja na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kila jioni saa moja mnatuma ujumbe mmoja kwamba mmeshuka wote. Ukikosekana mpaka saa tatu, mzazi anapiga kwa kiongozi. Asipopokea, anapiga mbugani. Hasubiri asubuhi kwa kuogopa kuonekana ana wasiwasi.

Karatasi zenyewe anazo katibu pale mlangoni, na kalamu zipo. Tuzijaze kabla ya chai. Sehemu ya aina ya damu najua wengi mtaiacha wazi. Zahanati inafunguliwa Jumatatu.